Sketi Ndefu ya Gwaride

Jumamosi ile watu walijaa jikoni kwangu tangu saa tisa alasiri, na sidhani kama hata mmoja alikuja kwa ajili ya tamale, vile vitonge vya mahindi ninavyofunga kwenye majani ya mgomba. Kununua walinunua, maana huwezi kuingia kwa Otilia kupekua habari ukatoka mikono mitupu. Lakini macho yote yalikuwa kwenye kiti cha pembeni, ambako Jemima, binti wa mdogo wangu Asael, alikuwa anapangusa majani ya mgomba kwa kitambaa na hainui kichwa.

"Ndiye huyu wa kwenye simu?" aliuliza mama mmoja wa sokoni. Alidhani ameshusha sauti.

"Ndiye. Nikufungie ngapi?"

Mimi napenda nyumba ijae, mji mzima wa Mazatenango unalijua hilo. Kukiwa na watu chini ya watano jikoni najiona kama nimefiwa. Ila juma lile, kila aliyepiga hodi nilitamani ajikwae hukohuko barabarani arudi kwake. Nilikuwa nimechoka, na kilichonichosha zaidi ni kwamba sketi ile niliishona mimi.

Mwezi wa nane, shule ilimchagua Jemima apige lira mstari wa mbele kwenye gwaride la uhuru, tarehe kumi na tano Septemba. Lira ni vile vipande vya chuma vinavyolia kama kengele. Unavishika kifuani na kuvigonga kwa kijiti. Mtoto ana mkono mwepesi, hata kinanda cha kanisani alijifundisha mwenyewe. Sare ya bendi ni kofia ya manyoya, buti nyeupe na sketi inayoishia mbali juu ya goti. Na Jemima ni binti wa mzee wa kanisa.

Asael huchomelea vyuma kwenye kiwanda cha sukari. Anatoka kazini macho mekundu kwa cheche, anaoga, anavaa shati jeupe, anakwenda ibadani, siku nne kwa juma. Mkewe Zulma yuko kaskazini, Los Ángeles, anasafisha nyumba za watu mwaka wa sita huu. Malezi yote yamemwangukia yeye. Mimi nasaidia kwa chakula na maneno.

"Hapana," alimjibu binti yake siku ile ya kwanza.

"Baba, hata sijamaliza."

"Nimesikia bendi. Imetosha."

"Ni shule, Baba, si disko!"

"Sikiliza, mama. Kabla sijaokoka, kila tarehe kumi na tano nilikuwa nasimama pale kona ya bustani na wenzangu, chupa mkononi. Bendera hatukuiangalia. Najua tulikuwa tunaangalia nini, na tulikuwa tunasema nini."

"Sasa wenye macho mabaya ni wao, wa kufungiwa ndani ni mimi?"

Hapo mtoto alimshika baba yake, na mimi pia. Lakini kwenye suala lenyewe nilikuwa upande wa Asael, na bado niko. Watu wanatuona sisi walokole, na nywele zetu ndefu na sketi zetu, wanadhani tunachukia furaha. Mimi nimeokoka mwaka wa ishirini sasa, na sijaona kwa nini mtoto wa miaka kumi na minne atembezwe juani mapaja wazi, walevi wampige picha, halafu tuite hilo kuipenda nchi.

Ila nilimwona pia alivyolala kifudifudi kitandani kwangu siku mbili. Ndipo nikaufungua mdomo wangu huu.

"Je, nikimshonea ndefu?"

Mwalimu wa bendi akakubali. Nikatafuta kitambaa kilekile chekundu cha damu ya mzee, nikakata mpaka kifundoni, nikazungusha utepe wa dhahabu chini. Jemima akajitazama kwenye kioo.

"Shangazi, nimekuwa pazia."

"Pazia linalopiga lira. Geuka nikutie pini."

Akacheka, mara ya kwanza mwezi ule.

Siku tatu kabla ya gwaride alifanya mazoezi uani kwangu. Asael alikuwa amepita kunywa kahawa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkate mtamu gotini. Jemima akapiga wimbo wote na hatua zake: tatu mbele, moja nyuma, na kiuno kidogo kinafuata, maana huwezi kupiga wimbo ule umesimama kama nguzo ya umeme. Nikamtazama Asael. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga chini kufuata wimbo. Mwenyewe hakujua.

Mtoto alipomaliza, Asael akafuta makombo ya mkate gotini.

"Nenda," Asael akasema. "Ila usiliseme kanisani."

Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Sasa sikiliza upumbavu wetu. Wasichana arobaini wa sketi fupi wanapita, watu wameshawazoea, wanapiga miayo. Halafu anatokea mmoja, sketi inafagia barabara. Kila simu ikamgeukia. Angevaa fupi angemezwa na wenzake, hata mchungaji asingemtambua. Ile ndefu ndiyo iliyopiga kelele kwamba huyu ni wetu. Kijana mmoja akampiga picha za video pale kona, kwenye ile hatua moja ya nyuma, akaandika chini: Mlokole atikisa. Kufika jua kuzama, watu elfu hamsini walikuwa wamecheka. Wa mataifa walimcheka kwa sketi, wapendwa walimlaani kwa kiuno. Dada Hortensia, kiongozi wa akina mama, alimpelekea Mchungaji Eliú simu mezani, kabla hajanawa mikono kula.

Jumatatu wazee wakakutana. Yaliyosemwa mle yalinifikia Jumanne asubuhi, kwa mke wa mchungaji mwenyewe, amekaa hapa, anapuliza uji wake wa mahindi.

"Mchungaji alimuuliza Ndugu Asael kama alijua."

"Akajibu nini?"

"Akasema, nilimkataza."

Kijiko kilinianguka. Alimkataza, kweli. Aliacha tu kusema yaliyofuata.

Wakaamua Jumapili Jemima asimame mbele atubu, kisha miezi mitatu akae benchi la nyuma, asiimbe, asiguse kinanda, asishiriki meza ya Bwana. Ingejulikana kwamba baba aliruhusu, naye angekaa hukohuko, na uzee wa kanisa ungekwisha siku hiyo. Kanuni hiyo tunaijua. Miaka mitatu iliyopita Ndugu Wenceslao alimruhusu binti yake acheze waltz, dansi ya wawiliwawili, kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka kumi na mitano. Wakasomwa wote, binti, mama na baba. Aliyesoma yale majina alikuwa Asael. Wenceslao na watu wake hawakurudi tena, na hadi leo akituona anavuka barabara.

Jumamosi hiyo, watu wa tamale walipopungua, nikamkalia mtoto karibu.

"Utasimama kesho?"

"Nitasimama. Nitasema wanachotaka." Alikuwa bado anapangusa jani lilelile. "Nikitoka ule mlango, Shangazi, sirudi."

"Kwa ajili ya benchi?"

"Benchi silikatai. Nilicheza, nikae. Lakini Baba alikuwa pale, na mkate wake gotini. Sasa kila akifunga macho kuomba, nitakuwa namwangalia tu usoni."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikaenda kwa Asael. Alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe.

"Asael, wewe ulisema nenda."

"Najua nilichosema."

"Basi?"

"Basi nini, dada? Miaka kumi na moja mimi ni mzee wa kanisa. Lile paa nimelichomelea mimi, kila chuma. Nikae nyuma Wenceslao anicheke?"

"Acha acheke, ni zamu yake. Mtoto anaondoka, Asael. Ameniambia. Akimaliza kutubu leo hutamwona tena mle ndani."

Pasi ikasimama. Nikaiondoa mimi, kola ilikuwa inaanza kunuka.

"Nimechoka, Oti," akasema. "Kanisani mimi ndiye polisi, nyumbani mimi ndiye polisi. Simu hapana, wimbo huo hapana, rafiki huyo hapana. Na si kwamba naona nakosea! Nikitazama huko nje naona bora nikataze. Lakini Zulma akipiga kuniuliza mtoto anasemaje, sijui anasemaje. Tukizungumza ni mimi nakataza. Siku ile uani nilichoka tu. Nilitaka jioni moja."

"Waambie hivyo."

"Hayo si ya kuwaambia watu mia mbili."

"Usiwaambie mia mbili. Ni mmoja anayesikiliza."

Akaninyang'anya pasi. "Na wewe? Unanitisha utasema?"

"Mimi?"

"Wewe na mdomo wako. Nashangaa umekaa nalo juma zima."

"Nimevimba, mdogo wangu. Nimevimba mpaka viatu haviingii. Lakini sitasema. Mtoto akilisikia kwangu halitamfaa."

Nikamwacha anapiga pasi mkono uleule wa shati, kwenda na kurudi.

Kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Hata waliokuwa wagonjwa walipona. Dada Hortensia alikaa karibu nami, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo, na mimi nikamkazia macho Jemima, aliyekaa mwisho wa mstari amejifunga kitambaa kichwani, viganja juu ya magoti kama anayesubiri kung'olewa jino.

Baada ya maombi Mchungaji Eliú akamwita Asael. Akapanda na karatasi yake, akasoma: kwa uamuzi wa wazee, Jemima Barrientos, miezi mitatu. Mtoto akaja mbele. Hapo mzee huuliza, unatubu? Tumelisikia mara nyingi, ni neno moja.

Asael hakuuliza. Aliitazama karatasi. Mtoto mchanga akalia, mama yake akamtoa nje, akarudi, na Asael bado anaitazama karatasi.

"Nilimruhusu," akasema.

"Amesemaje?" Hortensia akanigusa.

"Amesema alimruhusu. Masikio unayo."

"Alifanya mazoezi mbele yangu," Asael akaendelea, na sauti ilikuwa ileile ya kusoma matangazo. "Nikanywa kahawa. Nikamwambia aende, na asiseme. Jumatatu nikawaambia wazee kwamba nilimkataza. Nilimkataza kwanza, nikamruhusu baadaye, na wazee nikawapa lile la kwanza peke yake. Ndugu Wenceslao nilimsomea jina lake hapa kwa kosa hilihili. Yeye hakudanganya." Akampa mchungaji karatasi. "Andika na langu."

Mchungaji Eliú si mtu mbaya. Alitafuta kalamu mifukoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndugu Asael, uongo mbele ya wazee ni miezi sita. Na uzee..."

"Najua. Andika sita."

Jemima alikuwa bado amesimama. Mchungaji akamgeukia, akamuuliza yeye lile neno.

"Kwa kucheza," mtoto akasema, "sijui kama ni dhambi. Bado nafikiri. Kwa kuficha, ndiyo. Natubu."

Kanisa likanong'ona. Hortensia akavuta pumzi ya kusema kitu, nikamkanyaga mguu, Bwana anisamehe.

"Tutaipokea hivyo," Mchungaji akasema. Uso wake ulikuwa umechoka pia.

Wakashuka wote wawili, baba mbele, binti nyuma. Nilisubiri akumbatiwe, nilikuwa hata nimeshatoa leso. Hakuna aliyekumbatiwa. Asael alikaa upande wa njia, Jemima upande wa dirisha, katikati yao nafasi ya watu wawili wanene. Mchana, mezani, alimuuliza, "Umekula?" Mtoto akasema, "Nimekula," na wote tuliona sahani haijaguswa. Hivyo ndivyo walivyozungumza juma hilo lote.

Sasa kila aliyekuja jikoni alitaka habari za Asael. Wengine walisema amejishusha vizuri, wengine kwamba amelivunja kanisa, na mmoja akadai Wenceslao alipoambiwa hakucheka, aliuliza tu, "Miezi sita?" kisha akaendelea kufunga duka lake. Nikawasikiliza wote. Nilichotaka kujua mimi hakuna aliyekuwa nacho.

Jumapili iliyofuata niliangalia lango la kanisa tangu wimbo wa kwanza. Asael alikuwa peke yake kule nyuma, mikono imekosa kazi. Wimbo wa pili ukaisha. Wa tatu ulipoanza Jemima akaingia, nywele zimelowa maji, anahema. Akapita mbele ya magoti ya baba yake, akakaa. Safari hii nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na mwembamba.

Mahubiri yalikuwa juu ya Nuhu, na yalikuwa marefu. Miaka kumi na moja Asael amekaa kiti cha mbele analitazama kanisa, na sijawahi kumwona akiegemea. Siku ile, kabla mvua haijaanza kunyesha kwenye ile safina, kichwa chake kikashuka. Kikainuka. Kikashuka tena, kikabaki. Mdomo ukafunguka.

Dada Hortensia, aliyekaa nami benchi la mbele yao, akageuka mpaka shingo ikalia. "Otilia! Mwamshe ndugu yako. Hii ni aibu, yuko chini ya nidhamu na analala!"

Kabla sijafungua mdomo, Jemima akainama mbele.

"Mwache, Dada Hortensia. Akikoroma nitamgusa."

Na kweli alikoroma, karibu na wakati wa sadaka. Jemima akanyoosha kidole kimoja, akamgusa kiwiko. Asael akageuza kichwa upande wa pili. Mtoto akarudisha mkono wake gotini, akamwacha alale.