Barua kutoka Misri

Uledi alirudi Garsen mwaka 1957, baada ya miaka minne ya kusoma Kiarabu katika chuo kikuu huko Misri. Miaka yote hiyo alikuwa akimwandikia mama yake, Mwanahamisi. Angeweza kuandika kwa Kiswahili, lakini alitaka elimu yake ionekane. Basi aliandika Kiarabu safi, akazituma barua kwa Maalim Shee, aliyemfundisha Kurani utotoni, ili amsomee mama.

Siku ya pili nyumbani aligundua kuwa mama hajui lolote: hajui kwamba mwanawe alilazwa kwa homa ya matumbo, wala kwamba aliomba idhini ya kuoa.

"Maalim alikuwa akikusomea nini, mama?"

"Alisema maneno yale ni mazito, hayasomwi. Akaziroweka barua majini, tukanywa maji yake. Mwaka wa mafuriko yalinitoa homa."

Dada yake Tuneya alikuwa na hirizi shingoni, ngozi nyeusi iliyolowa jasho na kunuka samli iliyochacha. Uledi akaifumua. Ndani akakuta mwandiko wake mwenyewe, akilalamikia kunguni wa bweni na choo kilichoziba.

Alimkuta Maalim Shee barazani ameinamia bakuli. Karatasi ilielea humo, maji yamekuwa meusi, yana utando juu. Mbele yake aliketi Kaltuma, mke wa mwenye duka, amempakata mtoto anayechemka homa. Uledi akaiopoa karatasi, barua yake nyingine ambayo wino wake haukuwa umetoka wote, akaifasiri neno kwa neno mbele yao: usaha uliomtoka jipuni, na nzi waliomfuata.

"Kwa nini hukusema huelewi, Maalim?"

Mzee hakuinua macho. "Nimwambie nani kwamba mwanafunzi wangu ananiandikia nisichoweza kukisoma? Mimi najua kuitamka Kurani tu. Nawe ulilijua hilo."

Kweli alilijua. Kinyaa alichokuwa nacho juu ya mzee kikamgeukia mwenyewe. Akayamwaga yale maji, akampeleka Kaltuma na mtoto hospitali ya Ngao.

Mtoto alipona. Wiki iliyofuata Kaltuma alikuja na majirani wawili, kila mmoja na karatasi tupu mkononi.

"Sindano zilisaidia," alisema kwa upole, "lakini alikuwa ameshakunywa kidogo kabla hujafika. Sasa tumejua mwandishi ni wewe. Tuandikie."

Uledi alikataa. Wakaondoka wamenuna, na mama akamwambia kwamba masomo yamemfanya mchoyo. Baada ya siku tatu alitangaza msikitini kwamba atafundisha Kiarabu kwa maana yake, bure. Walikuja wanafunzi wawili tu.