Vumbi la Jina la Meng

Zhu alikisugua kioo cha shaba kwa kitambaa cha sufu huku akiliombea jua litoke. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya ua wa gavana, na kesho kioo kingepakiwa merikebuni pamoja na wajumbe wa visiwa vya mashariki viitwavyo Wa, kivuke bahari, kisionekane tena. Kikienda, baba yake amekufa bure, na muuaji wake atalala usingizi mnono.

Kioo kilikuwa kazi ya baba yake, Meng, fundi wa karakana ya serikali. Mgongoni alikipamba kwa majoka na chui, na ukingoni akaweka maandishi yenye jina lake kwa herufi zilizotokeza. Kabla hajakikabidhi, Kuai alikiiba na kukificha. Kuai huyo alikuwa mvuta mivukuto ambaye Meng alimlea kama mwanawe wa kumzaa. Akala kiapo mbele ya hakimu kwamba mzee ameuza shaba ya serikali na kioo hakikutengenezwa kamwe. Meng akapelekwa kwenye machimbo ya chumvi, akafia huko na pingu miguuni.

Hata matanga hayajaisha, mshenzi yule alikitoa kioo mafichoni, akalisaga jina la Meng kwa tupa mbele ya Zhu, akachonga lake pale pale. Kisha akampulizia vumbi la shaba usoni.

"Haya, mdogo wangu. Msalimie baba."

Nani angemsikiliza binti wa mwizi? Kioo kikafungiwa sandukuni hadi leo. Zhu akabaki karakanani akisugua vioo vya Kuai.

Lakini Kuai hakuwahi kusugua kioo hata siku moja. Alisema hiyo ni kazi ya kike. Hivyo hakujua kwamba shaba nyembamba ikikwanguliwa usoni, uso huinuka na kuzama kidogo kufuata mapambo ya mgongoni. Jicho haliyaoni hayo. Jua huyaona. Na Zhu aliukwangua uso huu wakati jina la baba yake lingali mgongoni.

Gavana alitoka na wageni wake wenye chale usoni. Kuai aliwafuata na joho jipya, maana leo alitarajia kupewa ukuu wa karakana.

"We Zhu, bado tu? Utakitoboa!"

"Namalizia, kaka. Kuna uchafu mmoja haujatoka."

"Mikono ya kulia mtama tu hiyo," Kuai akawaambia wageni, wakacheka.

Mawingu yakaachana. Zhu akasimama, akakiinamisha kioo, na mwanga ukaruka hadi kwenye ukuta mweupe. Ndani ya mwanga walikuwamo majoka na chui. Wajumbe wakapiga kelele kwa furaha.

"Kuai! Mbona hukuniambia kinafanya maajabu haya?" gavana akauliza.

"Ndio ufundi wangu, mheshimiwa," Kuai akajibu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameduwaa.

Gavana akasogea ukutani, akasoma ukingo wa mwanga. "'Meng alikitengeneza kwa shaba safi ya serikali.' Meng yupi?"

"Baba yangu," Zhu akasema. "Aliyefia chumvini kwa shaba aliyoambiwa ameiuza. Shaba yenyewe ndiyo hii."

Gavana akakigeuza kioo, akapapasa pale palipozama chini ya jina la Kuai.

"Mchawi huyu!" Kuai akafoka. "Amelichora yeye!"

"Kwa kitambaa? Si ulisema ni kazi ya kike, kaka?"

Sheria haikuwa na mzunguko. Msingiziaji hupewa adhabu ile ile aliyompa mwenzake. Walinzi walipomfunga pingu, Kuai akapiga magoti.

"Mdogo wangu, nilikubeba mgongoni ungali mtoto. Waombe."

"Kweli ulinibeba. Na baba alikubeba wewe."

Zhu akamwomba gavana ruhusa, kisha akaagiza tupa. Akaketi mbele ya Kuai, kioo mapajani, akaanza kulisaga jina lake. Aliisaga herufi moja moja, bila haraka, na laiti angeweza angemlisha vumbi lote kwa kijiko. Kuai alifumba macho. Walinzi wakamwinua kidevu.

Zhu akavuta pumzi, akampulizia vumbi usoni.

"Msalimie baba."