Mama Mkwe Kwenye Benchi

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akipima pindo la gauni la bibi harusi, pale alipohisi upepo unataka kumtoka. Akauachia taratibu, kama mtu anayefungua mlango huku mtoto amelala. Haukuwa upepo.

Akabaki pale pale, joto likimtambaa mapajani. Bibi harusi akakunja pua. Shangazi yake akakagua soli za viatu vyake, kisha akatazama dirisha.

"Mtaro wa nyuma umeziba," alisema Mama Pacha bila kutoa pini mdomoni. "Gauni nitalimaliza kesho. Nendeni tu."

Hakuinuka mpaka mlango ulipofungwa.

Kwa miaka kadhaa alikuwa na mbinu zake. Siku ya wateja hali kitu mpaka jioni. Anavaa nguo nyeusi. Masalio ya vitambaa anayakunja na kujiwekea ndani. Mumewe, fundi wa majokofu, aliambiwa anakoroma mno, na kwa sababu hiyo mkewe akahamia chumba walichokiacha mabinti zao walioolewa. Lakini mbinu zile zilikuwa za kuvuja kidogo. Hili la mbele za watu lilimmaliza. Alipomaliza kuoga, akaamua kutafuta tiba.

Akachagua hospitali ya upande wa pili wa mji, asikojulikana. Pale mapokezi alinong'ona shida yake, na karani akamwelekeza mlango wa mwisho wa ukumbi. Kwenye benchi nje ya mlango ule alikaa mtu mmoja tu. Mama mkwe wake.

Huyu ndiye mama aliyekuwa akifika kwao na kusalimia akiwa amesimama, kisha huyo, ameondoka. Makochi yao hakuwahi kuyakalia hata mara moja. Mama Pacha alishajua moyoni kwamba anadharauliwa, na alishazoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakwambia niko hapa?"

"Hakuna mtu, mama. Nimekuja kwa shida yangu."

Mama mkwe akautazama mlango, akamtazama yeye, akautazama mlango tena. "Shida hii hii?"

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa, akitamani sakafu immeze.

"Makochi yenu ni ya kitambaa cheupe," mama mkwe akasema hatimaye. "Ningeyakaliaje?"

Kisha mama mkwe akaitwa chumba cha jirani, na muuguzi akamwita Mama Pacha ndani.

Muuguzi yule aliuliza mambo ya chooni bila kupepesa macho. Choo ni kigumu au cha maji? Unahisi kinakuja, au unashtukia kimeshatoka? Ulijifungua vipi? Mama Pacha alijibu akiutazama ukuta. Kisha akalazwa ubavu, magoti kifuani, na muuguzi akavaa glovu.

"Bana, kama unazuia upepo."

"Nimebana."

"Nyuma kunabana. Mbele kuko kimya."

Kipimo cha picha kikaonyesha wazi: ule msuli wa duara unaofunga njia ya haja kubwa ulikuwa umekatika upande wa mbele.

"Hili ni jeraha la uzazi," alisema daktari. "Mtoto alivutwa kwa chombo?"

"Pacha wa kwanza."

"Ulichanika mpaka kwenye msuli, wakashona ngozi tu."

"Lakini hao pacha wana watoto wao sasa, daktari. Mimi nimeanza kuvuja miaka ya karibuni tu."

"Misuli mingine ilikuwa inakubebea mzigo. Umri umeingia, nayo imechoka."

Mama Pacha hakulia. Miaka yote hiyo alijiona mchafu, mzembe wa mwili wake mwenyewe, na kumbe kuna mtu alikiona kidonda kile, akakifunika, akanawa mikono. Maelezo ya matibabu aliyasikia kama yanatoka chumba cha pili: kubana na kuachia kila siku, dawa ya kukifanya choo kiwe kizito, kwenda chooni kila baada ya kula, pedi na mafuta ya kulinda ngozi. Yasipotosha hayo, upasuaji.

Alimkuta mama mkwe ameshatoka chumba cha jirani, uso umempauka.

"Eti nimefunga choo."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Ninayetafuna dawa za kuzuia kuharisha kama karanga. Wanasema kuna choo kigumu kimekaa kama jiwe, maji yanapita pembeni, na kila nikimeza dawa naongeza jiwe."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni mama mkwe, mkono mdomoni, mpaka akamshika mwenzake bega na kumwomba asimchekeshe, asije akamletea balaa.

Jumapili iliyofuata alikuja kwao mchana, akatandika taulo kwenye kochi, akakaa. "Mwanangu," akamwambia fundi wa majokofu, "mkeo haja inamponyoka. Na mimi pia. Tunatibiwa."

Mume akaweka kijiko chini. Alimtazama mama yake kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha akamgeukia mkewe. "Nikajua umenichoka," akasema polepole. "Nilikuwa nalala na mto usoni, nisikorome."

Mama Pacha hilo hakulitegemea. Ndipo alipolia.

Mama mkwe alipona upesi, baada ya kusafishwa tumbo na kupewa dawa ya kulainisha choo. Mama Pacha alikwenda kwa mwendo wa kobe. Alibana na kuachia huku cherehani ikinguruma. Wiki moja kavu, nyingine inamsaliti. Siku ya kurudi hospitali mumewe alifunga karakana wakaenda pamoja. Daktari alipoeleza namna msuli unavyoweza kuunganishwa upya, yeye ndiye aliyeuliza maswali mengi, hata akataka kuchorewa.

"Unaamuaje?" daktari akamwuliza Mama Pacha.

"Nipe muda kidogo," alisema. "Bado sijamaliza kushtuka."