Mbaazi za Juu ya Lambo

Mimi ndiye niliyeng'oa mbaazi za mama yangu. Watu wa kijiji chetu, huku nje ya Chanika, husema kamati ya ardhi ya kijiji ndiyo iliyong'oa, wakidhani wananisitiri. Kamati haina mikono.

Nilipokuwa mtoto, maji ya lambo letu yalitutosha mwaka mzima. Baadaye ikawa kila ikifika Agosti limebaki tope. Bustani zinakauka, ng'ombe wanahamishwa, vijana wanafunga virago kwenda Ngombezi kukata mkonge. Mdogo wangu Ramadhan aliondoka hivyo hivyo, tukawa tunamwona Idi kwa Idi.

Julai moja akaja bwana mipango kutoka wilayani. Alitutaka tukichore kijiji chetu chini, kwenye uwanja wa shule. Barabara tukaichora kwa majivu, malisho kwa majani mabichi, lambo tukalitandikia kanga ya bluu. Kila kaya ikaweka punje ya mahindi palipo na shamba lake. Kisha akatuuliza udongo unaojaza lambo unatoka wapi. Jibu lilikuwa pale chini: punje kumi na moja zilikuwa zimejipanga mteremkoni juu ya kanga, na wenyewe wote walikuwa wamesimama pale pale. Mojawapo ilikuwa ya mama yangu, Bi Rukaya.

Tulibishana siku tatu. Mwisho tukakubaliana kwamba mashamba yote ya juu yaachwe, ipandwe miti, na wenyewe wapewe maeneo mengine upande wa barabara. Haukuwa mpango wa msimu mmoja wala wa kungojea uchaguzi, ulikuwa wa miaka thelathini. Mkutano wa kijiji ulipoulizwa, mama alinyoosha mkono kabla yangu mimi, mwenyekiti wa kamati. Alisema maji yakikaa, Ramadhan atarudi.

Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani kwangu. Hakuwa mtu wa kuomba, na hata kukaa alikataa.

"Mbaruku, mbaazi zina maua," alisema. "Niachie nivune tu, kisha shamba ni lenu."

Zilikuwa zimebakiza miezi miwili. Nilijua. Nilijua pia kwamba wale wenzake kumi wananitazama. Huyu ana mihogo, yule ana migomba, na kila mmoja angesubiri chake kikomae mpaka mpango ufie kabatini kama ile mingine.

"Mama, nikikuachia wewe, wengine nitawaambia kwa mdomo gani?"

"Haya," akasema, akaondoka.

Siku hiyo hiyo nilibeba jembe nikang'oa mche mmoja mmoja, watu wakishuhudia. Nilijiona mwanamume. Wale kumi wakafuata ndani ya wiki, nikasifiwa kila kona. Maua ya njano yalilala chini mpaka mbuzi wakayamaliza.

Miche ya miti ililetwa Novemba, vuli ilipokolea. Mbaazi zingekuwa zimevunwa na kuliwa zamani. Hakuna aliyenisuta kwa hilo, nilijisuta mwenyewe.

Mama alilima shamba jipya, akapata mazao. Nikimpa shikamoo aliitikia vizuri na kuwaulizia wajukuu. Lakini hakuniomba tena kitu chochote, hata chumvi. Paa lake lilipovuja niliona mwenyewe, nikapanda kuliziba, naye akanishukuru kama anavyomshukuru fundi. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Mwaka wa nne lambo lilivuka Agosti, likavuka Septemba. Ramadhan akarudi, akalima nyanya na kabichi chini ya tuta la lambo, na siku hizi malori hutoka Korogwe kuja kupakia. Wageni wa vijiji vingine huja kujifunza. Mimi huwaeleza habari za majivu, kanga na punje, ila habari ya mbaazi huiruka.

Oktoba ya mwaka huo huo mama aliugua. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa na kikombe mkononi, maji ya lambo, tumeyachemsha na kuyachuja. Alifumbua macho akaniona, akakiona na kikombe. Midomo yake ilikuwa imekauka kabisa. Akageuza uso polepole kuelekea mlangoni, ambako Hafsa, binti wa jirani, alikuwa anachagua mchele.

"Hafsa, mwanangu," alisema, "naomba maji."

Nikampa Hafsa kikombe, akamnywesha.