Mwalimu Alisahau Katikati

Karatasi zilikuwa kumi na tisa, na kabla ya kufika ya sita mwalimu Abrahamu alikuwa ameshatamani kuzitia motoni zote, pamoja na kikapu chake.

Wazo la karatasi halikuwa lake. Lilikuwa la Mzee Ezekia, katibu wa baraza la wazee wa usharika, mtu mwema kabisa ambaye, tangu ahudhurie semina moja Dodoma, haamini kwamba jambo limefanyika mpaka watu waulizwe maoni. Maoni yalishakusanywa kuhusu bati la sakristia, kuhusu saa ya ibada, hata kuhusu mbwa wa mchungaji. Basi mwalimu alipoomba ruhusa ya kupiga mtungo wake mwenyewe baada ya ibada ya Jumapili, piano peke yake, bila kwaya, Mzee Ezekia alikubali papo hapo. Kisha akakata daftari kuukuu vipande vipande na kuvigawa mlangoni.

Mwalimu hakujali karatasi. Alitaka sikio la mtu mmoja tu, mama mkwe wake Tupokigwe, aliyepanda basi kutoka Iyunga, Mbeya, siku ya Ijumaa akiwa na mkungu wa ndizi miguuni. Juliana, mke wa mwalimu na binti pekee wa mama huyo, alifia hapa Iringa katika kipindupindu cha mwaka sabini na nane. Watu wa afya walikataza msiba. Alizikwa mchana ule ule, watu wanne na mfuko wa chokaa, na kwa vile barabara ilikuwa na vizuizi, mama hakufika. Tangu siku hiyo hakuwahi kumlaumu mkwewe, wala kumwambia lolote zaidi ya salamu. Mwalimu angeona nafuu kulaumiwa. Kuomba radhi kwa mdomo alijaribu akashindwa, kwa hiyo akatunga. Miezi kumi na minne alitunga, kila jioni, kwenye piano iliyoachwa na wamisionari, yenye vibonyezo vitatu visivyolia.

Katikati ya mtungo aliweka kimya. Mapigo kumi na mawili, mikono magotini, hakuna kitu. Hayo ndiyo yalikuwa mazishi ya Juliana. Yote ya mbele na ya nyuma aliyaweka ili kimya hicho kisikike, na aliamini mama akikisikia atajua kwamba yule mkwe aliyesimama bubu kaburini alikuwa na uchungu kama wake.

Sasa, washarika wana desturi yao, na mtu aliyewapigia kinanda miaka tisa alipaswa kuikumbuka. Kinanda kikilia peke yake, huo ni utangulizi. Kikinyamaza, watu husimama wakaimba. Hakuna anayewaamuru, miguu yao yenyewe imeshazoea.

Alifika kwenye kimya. Moja, mbili, tatu. Pigo la nne mabenchi yakanguruma, watu mia mbili wakasimama kwa pamoja, na Paskalina, kiongozi wa kwaya, ambaye sauti yake haijawahi kungoja ya mwenzake, akaanzisha wimbo wa kuagia maiti. Haki ya Mungu, mtungo ulikuwa umeelekea huko tangu mwanzo. Wakaimba beti zote nne, besi za nyuma zikivuta kila mstari kama lori lenye shehena likipanda mlima wa Kitonga. Mwalimu alikaa na mikono magotini, masikio yakimwaka moto. Walipomaliza waliketi, na Paskalina akamtikisia kichwa kwa upole, kwamba haya, endelea. Akaendelea. Nusu ya pili, iliyotakiwa kuwa ya utulivu, aliipiga kwa hasira mpaka kimoja kati ya vile vibonyezo vibovu kikalia.

Ndipo yeye na Mzee Ezekia wakaingia ofisini kusoma maoni. Mama Tupokigwe aliketi kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani, akingoja basi la saa nane.

"'Kinanda kimepigwa vizuri ila utangulizi mrefu mno,'" alisoma Mzee Ezekia. "'Wimbo huu hatuuoni kitabuni, tupewe namba.' 'Sauti ya tatu walivuta.' Hilo kweli. 'Dirisha la kaskazini linaingiza upepo.'"

"Mzee, dirisha linahusikaje na mtungo wangu?"

"Ni maoni, mwalimu. Maoni hayachaguliwi." Akachukua nyingine. "'Mwalimu alisahau katikati, tukamsaidia.' 'Mwalimu alisahau, asione haya, ni binadamu.' Wako saba wanaosema hivyo. Huyu anakushauri Jumamosi ulale mapema."

"Sikusahau."

"Hakuna anayekulaumu."

"Mzee Ezekia, sikusahau. Ni kimya. Kimeandikwa." Alifunua karatasi zake za muziki, akagandamiza kidole. "Kuanzia hapa mpaka hapa."

Mzee alivaa miwani, akainama. "Umeandika kunyamaza."

"Ndiyo."

"Na wino umetumia."

"Nimetumia."

Mzee alivua miwani taratibu. "Sasa sisi tuliokaa kule chini tungejuaje kama umenyamaza kwa kuandika ama kwa kusahau? Mtu akikwama mbele za watu, unamwacha hivyo hivyo anahangaika?"

Swali hilo lilimkera mwalimu kuliko karatasi zote kumi na tisa. Miezi kumi na minne ya kazi, naye alichoomba ni watu kufunga midomo kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya maji. Mama ametoka Mbeya kote huko kuja kusikia nusu mtungo, kiraka cha wimbo wa msiba, na nusu nyingine ya hasira. Na basi halimngoji mtu.

"Na mama mgeni?" Mzee Ezekia aligeukia mlangoni. "Hajatoa maoni."

"Mimi kuandika sijui," alisema Tupokigwe. Alisema akiutazama mkoba wake. "Ila neno ninalo. Mwanangu mlimzika kama watu wanaoficha kitu. Sisemi ni wewe, baba, najua mlikatazwa. Lakini mimi kule Iyunga kila nikiwasha moto nawaza, hakuna aliyesimama. Hakuna aliyemwimbia hata ubeti. Mtu hajaimbiwa, nasemaje kwamba amezikwa?" Alifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Leo ulipiga, nikasikia ni yeye. Ukanyamaza, nikasema basi, ni yale yale, anaondoka hivi hivi tena. Halafu wakasimama. Wote. Na mimi nikasimama."

Ofisi ilitulia. Bila kukusudia mwalimu alihesabu, yakafika mapigo kumi na mawili na yakapita, na safari hii hakuna aliyeimba.

Mama aliinuka, akajifunga kitenge vizuri. "Mwakani tukishavuna nitakuja. Upige tena. Na pale katikati, baba, usahau vile vile."

Mwalimu alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini, lile lile alilolisema tangu ibada iishe.

"Nitasahau, mama," akasema, akauchukua mkoba wake kumsindikiza stendi.