Ini la Mzee Algot na Ndiyo ya Kuvuta

Mimi nikikuambia shika pumzi, shika pumzi. Si mengi ninayowaomba watu. Lakini Algot Renström, mkulima wa viazi, alilala kwenye mashine yangu ya picha hospitalini asubuhi ile akafanya kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Kipimo cha awali kilikuwa kimeonyesha uvimbe kwenye ini lake, mkubwa kama yai la kuku. Mkewe, Märta, aliniambia mlangoni huku akiikunjakunja kofia ya mumewe: "Disa mwanangu, huyu mtu hajanunua mbegu za viazi mwaka huu. Eti hapandi asichojua kama atakivuna." Akacheka, na macho yamemjaa machozi. Roho iliniuma, maana viazi vyao ndivyo tunavyokula mji mzima.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Namchoma mgonjwa dawa ya rangi mkononi, kisha namfuata na picha tatu kadiri damu inavyosafiri: rangi inapofika kwenye ini ikitokea moyoni, inapofika ikitokea tumboni, na mwisho inapoanza kuondoka. Uvimbe mbaya huwaka upesi kwenye picha ya kwanza, halafu hufifia. Usio na madhara hujaa taratibu kutoka kingoni na kuing'ang'ania rangi yake. Picha ya kwanza ina sekunde chache tu, ikikupita imekupita.

Basi, mashine ikasema kwa sauti yake ya kistaarabu: "Vuta hewa. Shika pumzi." Algot, mtu na adabu zake, akaijibu ndiyo. Na ndiyo ya huku kwetu kaskazini mwa Sweden haitamkwi, huvutwa ndani kwa mdomo: fyup! Kifua kikaruka, ini likaruka nacho, picha ikatoka ukungu mtupu.

"Mzee Algot!" nikafoka. "Nani kakuuliza kitu?"

"Imenisemesha, nimeitikia. Mtu akisemeshwa anyamaze?"

"Ni mashine!"

"Hata kama."

Daktari Henning, msomaji wetu wa picha, alikuwa kaketi kando yangu. Akajishika kichwa. "Bila picha ya kwanza nitabahatisha, na ini la mtu silibahatishi. Mnywesheni maji, turudie mchana."

Mchana nikamwonya Algot, kidole kikiwa mbele ya pua yake, asijibu neno lolote. Akaniahidi. Aliniahidi kwa kuvuta hewa, fyup, nami nikajua tumekwisha.

"Jamani, huyu hawezi kujizuia," nikamwambia Märta chumbani kwetu, nyuma ya kioo. "Kila akisemeshwa lazima ajibu."

"Ajibu nani?" Märta akaruka. "Mimi hanijibu! Namuuliza kahawa au maziwa, kimya. Namuuliza tuuze ng'ombe, kimya. Tangu anioe naongea na ukuta, leo anajibizana na bati!"

Nikamtazama. Henning naye akamtazama. Nikaizima sauti ya mashine, nikamsogezea Märta kipaza sauti.

"Algot," akasema kwa ukali. "Vuta hewa. Shika. Na ole wako."

Kimya! Ini likatulia tuli. Picha ya kwanza ikatoka safi, na kwenye kingo za uvimbe palikuwa na vidoa vinavyong'aa kama shanga. Ya pili, mwanga ulikuwa umesogea ndani. Hapo ikabidi nimkumbushe Märta naye apumue. Tukangoja dakika kadhaa, akamwamrisha tena, na picha ya mwisho ikaonyesha uvimbe umejaa wote, unang'aa, rangi haina haraka ya kwenda popote.

"Haraka haraka haina baraka," nikasema.

Henning akaangua kicheko. "Ni fundo la mishipa ya damu tu, mama. Huenda alizaliwa nalo, na atazeeka nalo. Halimdhuru."

Märta akajibwaga kitini. Kisha akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Algot, mume wangu. Ni fundo tu la mishipa. Hufi. Tukanunue mbegu?"

Tukasubiri. Kule ndani mzee alikuwa amelala vilevile, mikono juu ya kichwa, haonyeshi dalili ya kusikia. Halafu spika ikakoroma kidogo, na ndani yake ikatoka hewa ndefu iliyovutwa kwa nguvu zote.

Fyup!

"Amenijibu," Märta akasema, akauficha uso ndani ya kofia ya mumewe. "Umesikia, Disa? Mimi, amenijibu mimi."