Sita, Tisa na Mabega ya Mwalimu

Bastola ya shule ya kuanzishia mbio iligoma hadharani. Ilikuwa siku ya mashindano ya mwaka uliopita, wakimbiaji wa mita mia wameinama mstarini, na Mwalimu wa Michezo amenyoosha mkono juu. Akabonyeza, ikasema "ti". Akabonyeza tena, ikasema "ti". Mara ya tatu haikusema kitu. Mkimbiaji wa njia ya nne alikaa kitako, akafunga kamba za viatu vyake, kisha akamfungia na jirani yake.

Kicheko cha shule nzima Mwalimu angekivumilia, alishakizoea. Ila mama yake mzazi alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti alichokibeba kutoka nyumbani. Mama huyo hakujali nani anakimbia. Alikuja kuliona koti jekundu la mwanzishaji, ambalo mwanawe alilivaa siku moja tu kwa mwaka, na ambalo yeye mwenyewe alilipiga pasi kwa heshima wanayopewa maiti wa kifalme.

Kwa hiyo mashindano ya mwaka huu yalipokaribia, na Mwalimu Mkuu, ambaye wote walimwita Mama Mkuu, akamwita ofisini, Mwalimu alijua anaitiwa bastola.

"Ikigoma tena," alisema Mama Mkuu, "koti atavaa Mpishi. Ataanzisha mbio kwa sufuria."

Mpishi wa shule alikuwa mle mle ofisini, akikusanya vikombe. "Sufuria yangu haijawahi kugoma," alisema.

"Koti halitakutosha," Mwalimu alimwambia.

"Nitaliacha wazi. Napenda hewa."

Kesho yake alikuja muuza vifaa vya michezo na kisanduku chake. Akapanga bastola mbili juu ya meza ya walimu, kati ya chupa ya chai na rundo la madaftari.

"Zote ni za risasi baridi, kelele na moshi tu, hata mbu haumii. Tofauti ni kipenyo. Hii ni ya milimita sita. Nyepesi, pole, unapiga kutwa nzima na mkono haujui. Ila ina haya."

"Haya gani?"

"Mbele za watu wakati mwingine sauti haitoki. Hii nyingine ni milimita tisa. Hii haina haya hata kidogo. Ukiibonyeza inalia, jua liwake mvua inyeshe. Ila kiganja kitakuuma, na masikio utayaazima kwa mtu."

"Hakuna ya saba na nusu?"

Muuzaji alimtazama kwa huruma, akabeba kisanduku wakaenda kujaribu nyuma ya stoo.

Sita ilikuwa raha tupu. Ilikaa mkononi kama kifaranga, ikalia vizuri, ikalia tena, halafu Mwalimu alipoanza kuipenda ikanyamaza.

"Umeiangalia sana," alieleza muuzaji.

Kisha ikaja zamu ya Tisa. Kunguru wote wa paa la bweni waliondoka na hawakuaga, na jikoni kitu cha udongo kilianguka kikaisha. Moshi ulipopungua, Mwalimu alionekana amesimama pembeni ya pale alipokuwa, macho ameyafumba, mabega yamegusa masikio.

"Mwalimu, umefumba macho."

"Nilikuwa nalenga."

"Unalenga nini, na mkono uko mbinguni?"

Mwalimu alijibu kwamba atachukua Tisa, kwamba haiumi kabisa, na akaipokea kwa mkono wa kushoto.

Nyumbani ilianza kazi ya kumzoesha kelele. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akimnyemelea anapokunywa chai na kugonganisha ndala mbili nyuma ya kisogo chake. Wiki nzima Mwalimu hakunywa chai, aliivaa.

"Mume wangu," alisema mkewe jioni moja, ndala mkononi, "mbona ukinijua niko nyuma unaruka hata kabla sijapiga?"

"Najiandaa."

"Basi hapo ndipo penye tatizo. Mabega yako hayangoji mshindo. Yanautangulia."

Akachukua koti jekundu, akaliongezea kitambaa mabegani ili lisije likapasuka, na wakaliacha suala hilo hapo.

Siku ya mashindano mama mtu alitua kiti chake mahali pake pa siku zote. Mpishi naye alikuja na sufuria mapajani, ameisugua inang'aa, mwiko ameuchomeka kwapani. "Naangalia tu," alisema.

Mbio za kwanza, Mwalimu alinyoosha mkono. Macho yakafumba, mabega yakapanda, na wakimbiaji wakatimka. Ndipo Tisa ikalia, ikiwafuata kwa nyuma kama mgeni aliyechelewa harusini. Hakuna aliyelalamika, maana wote walitoka pamoja, na hata washika saa walibonyeza mabega yalipopanda. Kufikia mbio za tatu, hakuna aliyehangaika na bastola. Shingo zote mstarini zilipinda upande mmoja, zikikodolea mabega ya koti jekundu kama zinavyokodolea mlango wa jiko saa ya chakula.

Kabla ya fainali ya mita mia, mkewe alimsogelea. "Unajua kwamba wanakimbia kwa mabega yako?"

Mwalimu alichukia. Bastola ilikuwa imelia kila mara, kiganja kilikuwa kimevimba kama andazi, na sifa zote zimekwenda kwa mabega. Aliapa kwamba safari hii atakuwa jiwe. Alivuta pumzi, akashusha mabega, akakodoa macho mbele ya mama yake mzazi, na akabonyeza.

Tisa ililia kuliko siku zote. Mwalimu hakutikisika hata unywele.

Wala wakimbiaji hawakutikisika. Moshi uliwapita juu ya migongo, ukaenda zake.

"Mwalimu," aliita yule wa njia ya nne, bado ameinama, "tunakungoja wewe."

"Nimeshapiga."

"Tumesikia. Lakini hukuruka."

Mama Mkuu alishuka jukwaani na mwavuli wake, bila haraka. Mpishi akasimama. Mwalimu hakungoja kuambiwa. Alimpa mama yake mgongo ili asimwone usoni, akafungua kifungo cha kwanza cha koti, akafungua cha pili.

Mpishi, nyuma yake, furaha ikamzidi. Akaijaribu sufuria kwa mwiko, mara moja tu.

Mabega ya Mwalimu yaliruka hadi kwenye masikio, na wakimbiaji wakatoka kama maji ya ndoo. Zilikuwa mbio nzuri kuliko zote zilizowahi kukimbizwa katika uwanja ule.

Mama Mkuu aliwatazama wakiishilia, akaitazama sufuria, akayatazama mabega.

"Funga vifungo, Mwalimu," alisema. "Tumehangaika na sita na tisa bure. Kitu pekee ambacho hakijagoma hapa ni mabega yako."

"Na mimi je?" aliuliza Mpishi.

"Wewe utasimama nyuma yake. Asikuone."

Tisa ilirudishwa kwa muuzaji. Sasa Mwalimu husimama pembeni ya mstari ndani ya koti lake, mkono mtupu ameunyoosha juu, haumwi kiganja, na hajui lini sufuria italia nyuma yake. Ubishi umehamia jikoni. Mpishi anasema sufuria ndogo haichoshi mkono lakini siku za upepo haisikiki, na ile kubwa inasikika hadi barabarani lakini inamtia ganzi begani. Ameomba ya katikati.

Mama mtu bado anabeba kiti chake. Anayekaa karibu naye huinamiwa sikioni kabla ya kila mbio.

"Yule mwenye koti ni mwanangu," humwambia. "Tazama mabega."